Nimekula Kwao

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza leo alasiri. Zamani, tulipojenga nyumba hii ya Ruiru, mvua ya kwanza ilifuatwa na maua ya kahawa. Siku chache baadaye ungeamka ukute kilima chote kimekuwa cheupe, na harufu imeingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Boaz, mume wangu, alikuwa akisema hiyo ndiyo harufu pekee ambayo mwenye shamba hawezi kuizungushia seng'enge. Kahawa iling'olewa, yakasimama magorofa. Leo mvua imenyesha na nilichonusa ni saruji mbichi na mafuta ya chipsi.

Daktari aliniambia mwezi uliopita kwamba huenda nisiyaone masika. Moyo umetanuka na kulegea kama soksi kuukuu. Sisi wa kanisa la Marafiki hatuna padri wa kumwungamia. Mama yangu, kule Bungoma, aliungama kwa kukaa kimya. Mimi nilikuwa mwalimu, kimya sikukizoea, kwa hivyo nitaandika.

Anayenitunza ni Mourine Akoth. Nilimfundisha bayolojia kwenye masomo ya Jumamosi niliyokuwa nikitoa kanisani Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, baada ya kustaafu. Ana cheti cha uhudumu wa afya. Hulala hapa wiki nzima, na Jumapili huenda kwa mama yake huko huko Kiandutu. Kila asubuhi hubonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akasubiri, akatazama shimo linavyorudi. Likirudi upesi, maji mwilini yamepungua. Likichelewa, yamezidi.

"Leo limechelewa, Mwalimu," alisema asubuhi. Kisha, bila kuinua kichwa: "Naomba uniandikie barua."

Ni ya kuombea nafasi chuo cha udaktari cha nchi jirani. Huwalipia kila kitu wachache waliokwisha kufanya kazi na wagonjwa. Wanataka barua tatu za kumshuhudia: moja ya mchungaji, moja ya shule aliyosoma, moja ya mtu aliyemwona akihudumia mgonjwa. Mwisho wa kupokea ni tarehe ishirini Novemba.

Nikasema, "Bila shaka, mwanangu."

Nilisema kwa sauti nzuri sana.


Jumapili, 5 Oktoba

Akoth yuko kwao. Nyumba imenyamaza, nami nimekuwa nikikumbuka barua.

Nilipokuwa mwalimu mkuu Thika nilikuwa na sheria moja, na walimu wenzangu waliicheka: sikumwandikia msichana barua kabla sijala kwao. Sikutoa taarifa. Nilitokea tu jioni, nikaketi jikoni, nikala kilichokuwapo. Mtaani Kamenu nilikula githeri, mahindi na maharagwe, na baba aliyekuwa akimsomea binti yake magazeti ya kufungia nyama. Kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli nilikula ugali kwa maziwa ya mgando, na nikaona ni msichana ndiye anayewaogesha wadogo zake wote kabla hajagusa kitabu. Katika mashamba ya mananasi nililishwa mihogo na bibi kizee kipofu aliyenishika uso mzima kabla ya kuniruhusu kuketi.

Nikirudi nyumbani nilipiga taipu. Mstari wa kwanza ulikuwa mmoja daima: Nimekula kwao. Baada ya hapo niliandika nilichokiona. Wazungu wa vyuo vikuu nadhani walinishangaa, lakini wasichana wangu waliingia. King'ora cha kiwanda cha nguo alikofanya kazi kilipolia saa nne usiku, Boaz alirudi ana pamba nyweleni na kuuliza, "Leo umekula kwa nani?" Kwa sababu chakula chake alikikuta kimepoa.

Natamani mtu aniulize hivyo tena.


Alhamisi, 9 Oktoba

Mchungaji ameshaandika na kutuma. Shule imekuwa kisa.

Mkuu wa shule aliyosoma Akoth ni Kang'ethe, ambaye alianza ualimu chini yangu akiwa kijana wa suruali moja. Akoth alimwendea Thika jana. Kang'ethe akamwambia lile wanalosema wote siku hizi: "Jiandikie, uniletee nitie sahihi na muhuri."

Akajiandikia. Akanionyesha kwa haya, kama mtu anayeonyesha kidonda. Mistari mitatu. Kwamba alifika shuleni kwa wakati. Kwamba anamcha Mungu. Kwamba hajawahi kuvunja vyombo vya maabara.

"Ndivyo ulivyo? Hivi tu?"

"Mwalimu, mtu anajisifu aje? Nikiandika mimi ni mwerevu, si watasema nina kiburi?"

Nikampigia Kang'ethe simu, nikamsomea mistari ile mitatu kwa sauti ya mkutano wa asubuhi.

"Haiya, Mwalimu! Niko na wanafunzi elfu moja na mia mbili. Nitakula kwa nani nimwache nani?"

"Huyu mmoja. Alikuwa wa kwanza katika bayolojia shule nzima, na wewe unamshuhudia kwamba havunji chupa."

"Ngai. Sawa, sawa. Nitaandika mwenyewe. Lakini wewe pia uandike, usiniharakishe mimi peke yangu."

Tulicheka. Nilijiona mtu wa haki. Leo ameandika na kutuma, na Akoth ameimba akifua.

Imebaki ya kwangu.


Jumanne, 14 Oktoba

Barua pepe ya chuo imeingia kwenye tableti aliyonitumia mwanangu Austine. Nilikuwa peke yangu sebuleni. Ina kiungo cha kubonyeza, halafu unafunguka ukurasa wa kuweka barua. Wanasisitiza kwamba mwombaji haruhusiwi kuisoma, na kwamba ameahidi kwa sahihi yake.

Akoth aliingia na uji. "Mwalimu, bado haijaingia?"

Nikasema, "Bado."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilikuwa limeshaketi mdomoni likisubiri zamu yake.


Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Akoth ameuliza. Nimesema bado.


Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Hakuna stima wala intaneti tangu asubuhi. Hakuuliza, nikashukuru stima.


Jumatano, 22 Oktoba

Ameuliza. Bado.


Jumapili, 26 Oktoba

Austine amepiga simu kutoka Doha. Anaijua habari ya chuo, maana Akoth mwenyewe alimwandikia kumtahadharisha mapema, ili atafute mtu mwingine.

"Mama, tutapata wapi mwingine kama huyo? Yule wa kwanza alikuwa akikulaza saa kumi na mbili jioni ili atazame vipindi."

"Najua."

"Sisemi usimwandikie. Mwandikie. Lakini usimwandikie sana."

Nilimkemea. Nilimwambia kwamba baba yake angemwonea aibu. Akaomba msamaha, akasema ni hofu tu, ni umbali. Nikakata simu, na si kwa hasira. Nilichukia kusikia wazo langu likitoka kinywani mwa mtu mwingine, likiwa na sauti ya mtoto niliyemlea.

Yeye amesema nisiandike sana. Mimi sijaandika kabisa.


Jumapili, 2 Novemba

Kurasa nyingi leo, kama mkono utaniruhusu.

Asubuhi nilipoamka pumzi haikuja. Niliivuta ikakataa, kama ndoo iliyokwama kisimani. Akoth alikuwa ameshavaa nguo za kwenda kwao. Aliweka mkoba chini na kuniketisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akafungua madirisha yote, akanitia mgongoni mito yote pamoja na mfuko wa nguo zake. Alimpigia daktari, akamweleza kwa maneno machache, akanipa kidonge cha ziada cha kutoa maji mwilini kama alivyoambiwa. Kisha akaketi mbele yangu, magoti kwa magoti, akanishika mikono.

"Usiniangalie macho, Mwalimu. Angalia kifua changu. Pumua na mimi."

Nikapumua naye. Dirishani mvua ilikuwa ikitiririka kwenye mabati ya jirani. Nilikumbuka nilivyomfundisha mapafu kwa puto mbili ndani ya chupa, katika kanisa lile la mabati, watoto wakinicheka kwa sababu puto moja ilikuwa na picha ya harusi. Yeye ndiye aliyeuliza, "Na mtu akishindwa kupumua, anasikia nini?" Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo, na aliyeuliza ndiye aliyekuwa amenishika.

Pumzi iliporudi nilimuuliza, "Ningekufa?"

Yule msichana wa kwanza aliyenitunza angesema, "Ah, usiseme hivyo, shosho." Akoth alifikiri. "Leo hapana. Lakini itarudi, na kuna siku itakuwa ngumu kuliko leo. Nitakuwa nakwambia."

Hakwenda kwao. Alipika, akafua shuka nilizolowesha, akanisomea Zaburi vibaya kwa sababu alikuwa na usingizi.

Hii ndiyo sababu siiandiki ile barua. Wacha niiandike hapa angalau kwa uwazi. Mwizi huiba kwa sababu anajua thamani ya kitu. Ningeweza kumsifu mtoto huyu kurasa tatu bila kupumzika, na kila neno jema lingekuwa hatua moja ya yeye kutoka mlangoni.


Jumatano, 5 Novemba

Ameuliza. Bado. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaendelea kunikata kucha.


Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimefanya jambo baya kuliko "bado."

Alisema labda awaandikie chuo kuwaambia kiungo hakijafika, watume kingine. Nikaingiwa na hofu. Nikanyoosha mkono nikaichukua sheria yangu ya zamani, ile niliyojivunia maisha yangu yote, nikaitumia kama kufuli.

"Hata kikija," nikasema, "unajua utaratibu wangu. Sijala kwenu. Siwezi kuandika 'Nimekula kwao' kama sijala."

Alinitazama. Anajua kwamba siwezi kufika hata langoni. Anajua vichochoro vya Kiandutu wakati wa mvua, kwamba hata vijana huvua viatu.

"Hiyo ndiyo imebaki?" akauliza.

"Hiyo ndiyo."

Akatoa vyombo. Jikoni nilisikia maji yakimwagika muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwapo.


Jumapili, 9 Novemba

Amekwenda kwao. Ameaga vizuri. Ningependa angeaga vibaya.


Jumatano, 12 Novemba

Mvua kubwa. Hakuuliza.


Ijumaa, 14 Novemba

Hakuuliza. Mguu umevimba. Ameniambia.


Jumapili, 16 Novemba

Saa nne asubuhi nilisikia kelele langoni. Mlinzi alikuwa akibishana na mwanamke.

"Mama, huwezi kuingia na jiko!"

"Kwani ni bunduki? Fungua, napigwa na mvua."

Alikuwa Perez, mama yake Akoth, anayeuza omena, wale dagaa wadogo, kando ya barabara Kiandutu. Jiko la makaa mkononi, sufuria kichwani imefunikwa kwa karatasi ya nailoni, na gunia la makaa limebebwa na Akoth nyuma yake, uso umeinama kwa aibu. Perez hakuingia sebuleni. Aliweka jiko barazani, akalipuliza, akasaidiana na Akoth kuniinua na kiti changu, wakanitoa nje kama sanduku.

"Habari ya siku nyingi, Mwalimu. Nimesikia huandiki mpaka ule kwetu."

"Mama Akoth, mimi…"

"Nyumba yangu ni chumba kimoja. Kitanda imebaki huko, siwezi kubeba. Lakini jiko ndiyo hii, sufuria ndiyo hii, na mimi ndiye huyu. Kwetu ndiyo hapa. Kaa ule."

Akakaanga omena kwa vitunguu na nyanya, akasonga ugali huku akizungumza na kuashiria kwa mwiko. Akoth alionja, akaruka.

"Mama! Umetia chumvi! Mwalimu hali chumvi, nimekwambia mara ngapi?"

"Omena bila chumvi? Hata paka atauliza kama kuna msiba."

"Moyo wake utajaa maji!"

"Basi osha." Perez akanigeukia. "Unaona? Huyu amenisumbua hivi tangu azaliwe. Baba yake alipougua, huyu akiwa darasa la sita, alikuwa anamficha sigara na kumpa karoti. Mzee anatafuna karoti akitukana ukoo wangu mzima."

Akoth aliosha omena zangu kwa maji moto mara mbili. Tukala pale barazani, mvua ikiwa pazia mbele yetu, moshi ukiingia machoni. Tangu Boaz afe sikuwa nimekula kwa mtu. Hukaribishwa, huletewa, hulishwa. Lakini kula kwa mtu, mwenyeji akikutazama kama unamaliza, hilo nilikuwa nimelisahau. Nilimaliza. Nikalamba vidole mbele ya mwanamke niliyekuwa nikimzuilia mwanawe.

Alipokuwa akikusanya vyombo Perez aliinama sikioni kwangu. Hakunong'ona vizuri, si mtu wa kunong'ona.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini najua mtu akikataa kitu na akiogopa kitu. Wewe unaogopa. Ungesema tu."


Jumatatu, 17 Novemba

Leo asubuhi Akoth alipokuwa amepiga goti mguuni pangu, kidole kikibonyeza, nilisema.

"Kiungo kiliingia. Tarehe kumi na nne mwezi uliopita."

Hakuondoa kidole. "Najua, Mwalimu."

"Unajua?"

"Chuo huwa wanatuma ukumbusho. Unatokea kwenye tableti nikiichaji. Niliona ile wiki ya kwanza."

"Ukaendelea kuniuliza?"

"Nilitaka kukupa nafasi ya kusema."

"Neno la siri uliliweka wewe mwenyewe. Ungeweza kufungua, ungeweka chochote."

"Niliahidi sitaisoma. Nitaahidije halafu niiandike?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Niliudhika, Mwalimu. Usifikiri sikuudhika. Siku ile ya kucha nilitaka kukukata kidole. Nilimwambia Mama mambo ya chakula tu. Hiyo nyingine sikumwambia, asije akakukosea heshima."

Nikamwambia sababu. Kwamba naogopa kufa mikononi mwa mtu asiyejua kubonyeza mguu. Ilikuwa sentensi fupi. Nilikuwa nimeizungushia mwezi mzima wa uongo.

Akatazama chini, kazini kwake.

"Limechelewa sana leo," akasema. "Lazima tumpigie daktari."


Jumanne, 18 Novemba

Stima imepotea na kurudi mara tatu. Nimeandika barua.

Sikuandika rasimu. Nilianza pale nilipoanzia sikuzote: Nimekula kwao. Nikaeleza kuhusu jiko lililosafiri kutoka Kiandutu hadi Ruiru, na omena zilizooshwa mara mbili. Nikaeleza asubuhi ya pumzi. Nikaandika hivi, nanakili hapa kwa Kiswahili: "Kila siku hubonyeza mguu wangu na kunieleza alichokiona. Mimi nimemdanganya mwezi mzima kuhusu barua hii, kwa sababu sikutaka aondoke. Yeye alijua, na hajanidanganya hata siku moja kuhusu mguu wangu. Sina ushahidi mkubwa zaidi ya huo."

Mwishoni kuna swali la kujaza: Ungekubali mtu wa karibu nawe atibiwe na mwombaji huyu? Nafasi yake ni ndogo. Niliandika: Mimi ndiye mtu huyo.

Nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka. Stima ikakatika. Nilikaa na tableti mapajani kwenye giza la mvua ya alasiri, nikimwambia Mungu kwamba nikifa sasa hivi nitafika kwake nikiwa mkaidi. Akoth alikuwa jikoni na simu yenye intaneti, amefunga mlango ili asiione barua. Nikamwita.

"Niwekee intaneti. Njoo kinyumenyume."

Akaja kinyumenyume kama kaa, ameziba macho kwa kiganja, ananyoosha simu mgongoni. Nilicheka mpaka nikakohoa. Barua ikaenda.


Jumatano, 3 Desemba

Mahojiano ya Akoth na chuo yamefanyika kwa video, chumbani kwangu kwa sababu ndiko intaneti hushika. Nilifukuzwa nikaketi barazani. Nilisikia akicheka mara moja.


Ijumaa, 12 Desemba

Amepata. Perez alipiga kelele kwenye simu mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amefariki.

Ataondoka mwanzo wa Januari. Perez atakuja yeye kunitunza, amejitolea bila kuombwa, na Austine atamlipa. Tayari Akoth anamfundisha mama yake kubonyeza mguu. "Usisubiri kidogo, Mama, subiri kabisa." Perez anasema mguu wangu si embe.


Jumapili, 21 Desemba

Mvua imekwisha. Jua la leo ni lile la zamani, la Desemba za Thika, mijakaranda imemaliza kupukutika na viwanda vinafunga kwa Krismasi, Boaz akirudi na kipande cha kitambaa cha zawadi.

Nimemfukuza Akoth jikoni. Nikaketi kwenye kigoda karibu na jiko, nikasonga ugali wangu mwenyewe. Mkono ulikataa katikati, nikaushika kwa mkono wa pili. Nikachemsha mboga ya mrenda kwa magadi kama mama yangu alivyofanya. Wangu sikutia magadi, maana nayo ni chumvi. Ilichukua asubuhi nzima. Nikamwita.

Alikula, mimi nikimtazama kama anamaliza. Alimaliza.

"Sasa umekula kwangu," nikasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Karibuni kuna mahali nitakwenda na mimi. Wakikuuliza habari zangu, utaandika nini?"

Alifikiri, kama anavyofikiri siku zote.

"Nitaandika ugali una madonge," akasema. "Nitaandika ulinificha barua. Halafu nitaandika uliituma, na stima ikiwa imekatika."

"Usinisifu zaidi ya hapo."

"Sitakusifu, Mwalimu."

Akaosha mikono, akapiga goti, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Tukasubiri wote wawili. Kisha akaniambia ukweli.